Vishikio vya Dhahabu vya Mjomba

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuandika mzigo wa mtu unaitwaje kabla haujatozwa ushuru, na msidhani ni rahisi. Chuma kikiingia nchini hakikubali kuitwa chuma tu. Bawaba hii ni ya mlango au ya sanduku? Msumari huu ni wa paa au wa kiatu? Nimewahi kushinda kutwa nzima nikibishana na mtu mzima, mwenye mke na watoto, kama komeo ni kufuli. Nikirudi kwangu Kongowe wakiniuliza kazi imekwendaje, naona haya hata kujibu.

Basi mjomba wangu, fundi seremala wa Kisarawe, akaniletea ya kwake. Binti yake alikuwa anaolewa Mlandizi, na mjomba aliapa kumtengenezea kabati la nguo ambalo wakwe wangelisimulia mpaka wachoke. Mbao nzuri anazo, kioo anacho, nakshi anajua kuchonga. Vishikio vya madukani ndivyo alivyovikataa, ati vya kimaskini. Akachagua vyake kwenye picha ya simu, akaagiza makasha kadhaa kutoka China ili vingine auze. Vya rangi ya dhahabu, vinene, vyenye maua, na kiganja kizima kinaingia.

"Shikamoo mjomba. Hivi ni vya kabati kweli?"

"Marahaba. Wewe kaandike, useremala niachie mimi."

Nikaandika: vishikio vya chuma, vya samani.

Afisa aliyefungua kasha alikuwa mtu wa bara, mpole, na msalaba mdogo shingoni. Akanyanyua kishikio kimoja, akakilaza, akakisimamisha, kisha akanitazama kwa huruma. "Dada, pole. Hivi ni vya masanduku ya kuzikia."

Weee! Nilimrukia kwa maneno hadi wenzake wakageuka. Lakini sisi wa Kisarawe tungejuaje? Kwetu maiti huvikwa sanda, hulazwa kwenye jeneza la msikiti lenye mikono ya mbao, na jeneza likishamfikisha mtu wake hurudi msikitini kumsubiri mwingine. Sanduku la kifahari la kwenda kufukiwa ardhini hatujawahi kulinunua, sembuse kuvijua vishikio vyake.

Na hapa ndipo mnicheke. Kitabu cha ushuru kinaviweka vishikio vya makabati na vya masanduku ya kuzikia chini ya kichwa kimoja. Mistari tu ndiyo tofauti, na ushuru wake ni uleule. Ningekubali neno la afisa, mzigo ungetoka siku ileile na kila mtu angekwenda kula chakula chake cha mchana. Nikampigia mjomba kumweleza.

"Karatasi iandikwe vya kuzikia?" akafoka. "Nani hapa Kisarawe atanunua kabati kwangu tena? Na mwanangu je? Nimpeleke kwa wakwe na vitu vya maiti?" Hapo sauti ikamkatika. Sikuwahi kumsikia mjomba akikatika sauti. Basi kwa huruma kidogo na kiburi kingi, nikaamua kupambana.

Tulipambana wiki tatu. Barua, picha, maelezo, maelezo ya maelezo. Afisa ananiuliza ni kabati gani linalotaka kushikwa hivyo; mimi namuuliza ni ukurasa gani umekataza. Niliomba sampuli, mjomba akaifunga kwenye mlango wa kabati, nikapeleka picha yake. Huku nyuma siku ya ndoa ikapita, binti akaenda kwa mumewe bila kabati. Mwishowe afisa akachoka. "Haya dada, samani," akapiga mhuri. Nikatoka pale kifua mbele, utadhani nimeshinda ubunge.

Mjomba akavifunga. Milango ikapata viwili, na kwa kuwa vilikuwa vingi, akaongeza vitatu ubavu huu na vitatu ubavu ule, ati urembo.

Kabati lilifika Mlandizi kwa lori dogo, kanta, Jumamosi asubuhi. Wanawake tumejipanga, vigelegele vinapasua anga. Mlango wa nyumba ulikuwa mfupi, hivyo vijana wakalilaza kabati chali na kutafuta pa kushika. Pa kushika palikuwepo. Watatu huku, watatu kule, wakaanza kuja polepole, hatua kwa hatua.

Vigelegele vikafa. Babu mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekuwa amekaa mkekani, akainuka, akasema "Inna lillahi", akavaa makubazi yake haraka na kwenda kuomba zamu ya kubeba apate thawabu. Wazee wengine wawili wakamfuata. Jamani! Kicheko kilinibana, mpaka nilipomwona mjomba. Alikuwa amekauka, jasho linamchuruzika.

Mama mkwe akauliza kulikoni. Mjomba akachomoa karatasi yangu mfukoni. "Samani," akasoma kwa sauti, kidole juu ya mhuri. "Serikali yenyewe imeandika samani." Watu wakatazamana. Nani abishane na mhuri?

Kabati likasimamishwa chumbani, mkabala na kitanda. Bibi harusi akanivuta mkono mpaka huko, akafunga mlango.

"Dada, wewe ndiye msomi wetu. Hivi ni vishikio vya nini?"

"Vishikio vya chuma, vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vya samani," nikajibu, kwa sauti ileile ya kazini.

Machozi yakamlengalenga. "Sikukuuliza ya forodha, dada. Nakuuliza, ungelala nalo chumba kimoja wewe?"

Wiki tatu nilikuwa na jibu la kila swali. Safari hii niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaomba bisibisi.

Nilikuwa kwenye kishikio cha pili mjomba alipoingia, karatasi bado mkononi. "We mtoto! Si wewe uliyeandika samani?"

"Niliandika, mjomba. Nisamehe." Sikuacha kuzungusha. "Njoo unishikie hapa, skrubu imekaza."

Alisimama akamtazama binti yake. Kisha akaikunja ile karatasi, akaja, akashika.