Rimoti Iliyokwenda Shamba

Juzi, kwenye ofisi ya ving'amuzi hapa Mbeya, mama mmoja mkulima kutoka Ubaruku alilalamika kuwa amekatwa hela ya chaneli za mpira ambazo hakuziomba.

"Mfumo unaonyesha mliziongeza kwa rimoti," karani alijibu bila kuinua macho. "Watoto hao, mama."

Mama akafungua fundo la khanga, akaweka rimoti kaunta. Ilikuwa na tope.

"Msimu wote naamia ndege shambani wasile mpunga, na hii ninayo huko huko, ili watoto wasome. Nani kabonyeza, mwanangu? Ndege?"

"Mama, mfumo ndio unasema."

"Basi uite huo mfumo. Nausubiri." Akavuta kiti, akakaa.

Foleni nzima, tuliozoea kukatwa na kunyamaza, tukamkodolea macho karani. Akanyanyua simu.

Hela ilirudi. Mfumo wenyewe, mpaka naondoka, ulikuwa haujatokea.