Laini ya Kaluki: Wafu Kwanza, Harusi Baadaye

Kabla kitambaa hakijagusa kitu, Mama Mwanamisi anauliza swali lake la kila asubuhi: "Imelala?"

"Imelala kabisa, Mama," anajibu Kaluki Nzioka kutoka mlangoni, hata sweta hajavua.

Basi mama huyo wa miaka sabini na kitu anaanza kupanguza kompyuta. Anapanguza skrini, anapanguza kibodi, kisha anakiinua kipanya, kile kidude cha mkononi cha kuongozea mshale, na kukisugua tumboni kama mtu anayeosha kiazi. Vumbi la mji huu wa Mwingi halina adabu. Lifagie jioni, asubuhi utalikuta limekaa pale pale. Akimaliza anazungusha chetezo cha ubani chumba kizima, na hapo ndipo Kaluki anaruhusiwa kuketi na kuwasha mtambo.

Skrini inapoamka, Kaluki haangalii katikati. Anasogeza uso kwenye ukingo wa kulia, pua ikikaribia kugusa kioo, na midomo yake inacheza bila sauti. Anachotafuta ni mstari wa picha ndogo uliosimama wima pale ukingoni. Kila picha ni njia ya mkato: ukiibonyeza, inakufungulia karatasi iliyokwisha kupangwa, inayongoja majina tu. Wenye kusomea mambo haya wana jina lao la mstari huo. Kaluki anauita laini, kama laini ya wagonjwa hospitalini.

"Iko," anasema, na kuvuta kiti.

Mwaka huu wa 2001 Kaluki ni mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, na ndiye mpiga chapa wa duka hili. Mwenye duka ni Amin, mtoto wa Mama Mwanamisi, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na bidhaa akaishia kujenga hapa. Upande mmoja Amin anauza kalamu, bahasha na madaftari. Upande wa pili kuna meza ya Kaluki, mashine ya kupiga chapa na ile ya kutoa nakala. Mshahara wake ni shilingi elfu nne kwa mwezi, na anasema kwamba zinasomesha watoto wawili "zikijitahidi sana."

Kazi hii aliianzia kwenye taipureta, mjini Kitui, mwaka 1977. Mwalimu wake alikuwa na mtindo wa kufunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Wengi walilia. Kaluki hakulia, na hadi leo vidole vyake vinajua kila herufi inakaa wapi bila macho kuulizwa. Siku moja hilo lingekuja kumfaa, na siku nyingine limponze.

Amin aliponunua kompyuta miaka miwili iliyopita, imetumika tayari katika ofisi fulani ya Nairobi, Kaluki aliiogopa kwa wiki nzima. Kisha akaizoea, halafu ikaanza kumkera. Picha zilikuwa zimetapakaa kwenye skrini kama mitumba siku ya soko, na kutafuta karatasi ya mteja mmoja kulimla muda wote. Ndipo fundi aliyekuja kurekebisha printa alipomwonyesha namna ya kuzikusanya picha anazozihitaji, kuzifanya kubwa, na kuzisimamisha ukingoni kwa utaratibu anaoutaka yeye.

Na utaratibu alikuwa nao. Ya kwanza juu ni programu ya mazishi, ile karatasi ya ratiba ya ibada. Ya pili ni kadi za michango. Harusi ni ya tatu, mitihani ya shule ya nne, na barua za makanisa na vikundi vya akina mama zinafunga mlango.

"Mwenye harusi anaweza kungoja," anasema. "Mwenye maiti mochari, huyo huwezi kumwambia akae kwa benchi."

Ukimsikiliza hivi utadhani ni mambo ya unadhifu tu. Mwandishi wa makala haya alidhani hivyo pia, na akakaa asubuhi nzima akisifia mpangilio. Ilipofika saa ya chai ndipo Kaluki alipoweka kikombe chini na kusema kwamba laini hiyo hakuiweka kwa sababu anapenda usafi. Aliiweka kwa sababu haoni.

Macho yalianza kufifia kabla kompyuta haijaja. Alidhani ni moshi wa jikoni. Akanunua miwani, moshi ukabaki. Muuguzi mmoja akamwangalia na kumwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa. Kaluki aliitikia kwa adabu, akatoka nje, na hakurudi tena.

Karatasi aliweza kuisoma akiileta karibu na jicho la kulia. Skrini ndiyo iliyomshinda, kwa sababu ina mwanga unaowaka katikati ya ule ukungu. Kwa hiyo akaishi kwa kukariri. Picha ya juu kabisa ni wafu. Ukishuka kidogo ni michango. Akishafungua karatasi, vidole vilijua jina linaingia wapi, tarehe wapi, mahali wapi. Hakumwambia Amin. Hakuwaambia hata waimbaji wenzake kanisani, ambako nyimbo zote amezishika kichwani.

"Nani ataandika mtu haoni kazi ya kompyuta?" anauliza. "Hata mimi singemwandika."

Mwaka jana, baada tu ya mavuno mabaya, laini ilianza kuhama. Asubuhi moja Kaluki alibonyeza na hakuna kilichofunguka. Akasogeza uso, akatafuta, na kuikuta imelala juu ya skrini badala ya kusimama pembeni. Akairudisha. Juma lililofuata haikuwepo kabisa, ikabidi aitengeneze upya: abonyeze kitufe cha kulia pale chini, aite mstari mpya, achague kasha lenye picha zake, auburute hadi ukingoni, kisha apange picha moja moja mahali pake. Kwa mtu anayeona, kazi hiyo haifiki muda wa kunywa chai. Yeye alilowa jasho.

Alimshuku kila mtu. Alimshuku Amin, kwamba anacheza karata kwenye mtambo jioni. Alimshuku fundi. Aliishuku hata stima, ambayo Mwingi huja na kwenda inavyopenda. Hakuuliza, maana kuuliza kungeleta maswali mengine.

Kisha ikaja siku ya soko ambayo Mzee Kisilu alishuka kutoka Nuu. Alikuwa amefiwa na mkewe, Ndila, na maziko yalikuwa keshokutwa. Alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mwalimu wa kijijini, akaketi kwenye benchi na kofia mapajani. Duka lilikuwa limejaa. Kaluki aliangalia laini, akaiona imesimama pembeni kama kawaida, akashukuru Mungu, akabonyeza picha ya juu.

Kumbe asubuhi hiyo haikuanza hivi hivi. Laini ilikuwa mahali pake, lakini picha mbili ndani yake zilikuwa zimebadilishana nafasi. Vidole vilipiga chapa jina la marehemu, tarehe, kanisa na jina la mume, kila kitu kikaingia katika nafasi iliyokuwa ikingoja. Watu walikuwa wanasukumana kwenye kaunta. Karatasi ilitoka kwenye printa, na Kaluki akampa mzee bila kuileta karibu na jicho lake.

Mzee Kisilu aliitazama kwa muda. Pembeni mwa jina la mkewe kulikuwa na maua, juu kulikuwa na pete mbili zilizoshikana, na chini kulikuwa na maneno ya kuwaalika watu wote waje wafurahi pamoja nao.

"Mama," alimwambia Kaluki polepole, "huyu tunamzika. Hatumwozi."

Hakupaza sauti. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akavaa kofia na kutoka. Kaluki anasema alitamani apigwe kofi, kwa sababu kofi lingekuwa limekwisha.

Jioni hiyo Amin alimweka chini. Amin si mkali, ila jina la duka ndilo linalompa chakula, na habari ya pete mbili ilikwisha kuzunguka stendi. Alimwambia kwamba kosa kama hilo likitokea tena, atamlipa haki yake aende, kisha yeye Amin auzie shule kompyuta na arudie taipureta na mtu mwingine. Kaluki alisema mtambo ndio ulioharibika. Lilikuwa neno la kweli nusu tu.

Kesho yake alifika mapema kuliko siku zote, akasimama kando ya rafu ya madaftari. Amin alikuwa ameshafungua na kwenda msikitini kuonana na watu. Mtambo alikuwa ameuwasha, kama kawaida yake, maana unachelewa kuamka. Skrini, ambayo ina kitufe chake, aliiacha imezimwa isile stima bure. Kidogo akaingia Mama Mwanamisi kutoka nyumba ya nyuma, na kitambaa chenye unyevu na chetezo.

Aliona skrini nyeusi, akadhani mtambo umelala. Akakiinua kipanya, akakibana ndani ya kitambaa, akakisugua kwa nguvu za mtu anayependa mali ya mwanawe. Kila alipobana, kitufe kilibonyezeka. Kila alipovuta mkono, mshale asiouona ulikamata chochote ulichokikuta na kukiburuta.

Kaluki, aliyekuwa akiusikia mtambo ukinguruma, alielewa pale pale. Sasa alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na mvi na kanga mbili. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mama mzima, mama wa tajiri wako, anakusafishia meza kila siku bila kuombwa, umwambie amemharibia mtu maziko?

"Singeweza," anasema. "Kwetu mtu hawezi kumnyang'anya mzee kitambaa."

Hakusema. Badala yake akaanza kuja mapema kila siku, angoje mama amalize, kisha aitengeneze laini upya kabla ya wateja. Wiki zikapita namna hiyo. Angeweza kuendelea hadi leo, kama si Mama Mwanamisi mwenyewe kurudi asubuhi moja kuchukua chetezo alichokisahau na kumkuta Kaluki amebandika uso kwenye kioo, akiipapasa skrini kwa kidole.

Mama hakushangaa. Yeye naye jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho wa miaka mingi, na chai anaimimina kwa kusikiliza kikombe. Alivuta benchi, akaketi, akamtazama.

"Mwanangu," alisema, "wewe huoni."

Kaluki alilia, na akilia akasema yote: muuguzi, laini, wafu juu na harusi chini. Aliposhindwa kueleza kwa nini anakuja mapema, mama akamshikilia hapo hapo, na ukweli wa mwisho ukatoka nao. Kaluki alikishika kile kipanya, skrini ikiwa inawaka, akakisugua kwa kitambaa. Mama Mwanamisi alisogeza jicho lake zima karibu, na akaiona laini ikihama.

Kisha akauliza kuhusu yule mzee wa pete mbili, anakaa wapi.

Mchana ule alimwita mwanawe nyuma ya nyumba. Amin anasimulia mwenyewe, bila kuficha, kwamba aliingia akidhani ameitwa kula. Mama yake alimwambia hivi: "Aliyemwozesha marehemu ni mimi. Ukimfukuza mtu, anza na mimi."

Amin hakumfukuza mtu. Kusema kweli alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kufichwa habari ya macho, kwa maana wenye msiba walikuwa wakiuamini mkono ambao yeye hakujua hali yake. Siku mbili hakuongea na Kaluki ila kwa mambo ya kazi. Baadaye aliweka masharti. Mtambo hauwashwi mpaka mama amepanguza. Na karatasi yoyote, kabla ya kutolewa nakala, mteja asiyejua kusoma asomewe, anayejua aisome kwa sauti.

Sharti hilo la pili wateja wamelipenda. Asubuhi hii kijana mwenye kadi za harusi anasoma jina la mchumba wake mbele ya duka zima, na benchi lote linamcheka. Kaluki anasikiliza ameinamisha kichwa, na panapokosewa mkono wake umeshafika.

Nuu walikwenda, Kaluki na Mama Mwanamisi, siku ya mapumziko. Mama alibeba sukari na majani ya chai. Mzee Kisilu aliwapokea mlangoni, akawapa viti, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaambia kwamba ile karatasi hakuichoma. Ndila alikuwa ameolewa wakati wa njaa, bila kadi wala maua, na alikuwa akimtania kwa hilo maisha yao yote. Alipoifikiria karatasi baada ya maziko, aliona afadhali aiweke. "Siku ile dukani iliniuma sana," akasema, "na sisemi haikuuma."

Hivi sasa Kaluki na Mama Mwanamisi wamekubaliana kwenda pamoja kwa madaktari wa macho watakaokuja Kitui baada ya mvua. Amin atafunga duka awapeleke. Mama anaogopa kisu na hafichi. Anasema Kaluki atangulie, na akitoka hai yeye atafuata. Kaluki anasema laini hataiondoa hata akipona, kwa sababu wafu bado watakuja kwanza.

Namuuliza angependa kuona nini siku watakapomfungua bendeji. Nadhani atasema watoto wake, au skrini. Kidole chake kinapapasa ukingo wa kulia wa skrini.

"Ule uso wa Mzee Kisilu," anasema. "Siku ile dukani sikuuona. Hata Nuu alisimama mlangoni na jua nyuma yake, nikaona tu kofia. Nataka niende nimwangalie vizuri, halafu nimwambie pole tena."