Nilibadilisha firmware ya seva ya marehemu rafiki yangu, na sauti yake ikakatika

Alhamdulillah. Mola hutoa na huchukua, na kwa yote mawili tunamshukuru.

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Amu, mjini Lamu, na sitayaongeza chumvi.

Rafiki yangu Ustadh Athman alifariki mwaka huu. Alirekodi darsa zake za tafsiri kwa miaka mingi, akazihifadhi kwenye seva kuukuu iliyo chumbani mwake, ghorofa ya juu.

Mjane wake, Bi Mwanaesha, yuko edani. Kila alasiri hukaa mle chumbani akamsikiliza mumewe kwenye spika.

Siku moja alimtuma kwangu ndugu yake, Lali, aliyekuja kutoka kisiwa cha Ndau: feni za seva zinavuma mno, zinamfunika Ustadh.

Tatizo nililijua. Ndani ya motherboard ya seva kuna kompyuta ndogo, BMC, ndiyo inayoiwasha mashine na kusimamia feni. Firmware yake, yaani programu iliyoandikwa ndani ya chipu yake, ilikuwa ya zamani, haisomi tena joto, basi feni zinakimbia ovyo. Watengenezaji walishaacha kutoa update. Nikaona dawa ni firmware ya open source, iliyo wazi kwa yeyote.

Sasa, kwa mjane aliye edani, mwanamume asiye maharimu haingii. Na Bi Mwanaesha alishasema kitu cha marehemu hakitoki chumbani kabla yeye hajatoka eda. Sikumlaumu. Nikaamua kuiflash, yaani kuiandika firmware mpya, kwa mtandao, nikiwa nyumbani kwangu.

Ilibaki kujua revision ya bodi, yaani toleo lake. Imeandikwa kwenye bodi yenyewe, chini ya kifuniko. Lali alikuwa amesharudi Ndau. Ningeweza kumpigia Bi Mwanaesha afungue, apige picha.

Nikaona haya. Mjane yuko edani, nami nimwambie ashike bisibisi?

Nikakumbuka jina la bodi ambalo Athman alizoea kulitaja, nikachagua faili kwa jina hilo.

Ukurasa wa update uliipokea. Asilimia zikapanda mpaka mwisho. Kisha BMC haikujibu tena.

Nikangoja. Nikaswali. Nikajaribu tena. Kimya.

Simu ikalia. Ni Bi Mwanaesha.

"Bwana Famau, feni imenyamaa."

"Naam, Bi."

"Na Athman je?"

Nikamweleza.

"Nalitaka feni inyamae, si yeye."

Nikamwomba radhi, kisha nikampigia Lali.

Lali aliporudi kutoka Ndau alinipigia picha ya bodi. Revision ile ina chipu ndogo kuliko faili langu, kwa hiyo firmware haikuenea. Na bila BMC, bodi ile haiwaki kabisa.

Darsa zenyewe ziko salama kwenye diski, alhamdulillah. Dawa nayo ipo: kuibana chipu kwa kibanio na kuiandika upya, mashine ikiwa mbele yangu. Nikamwomba Lali akaniombee ruhusa ya kuitoa, au hata diski tu.

Akarudi mikono mitupu.

"Amekataa, Bwana Famau. Asema, 'Yeye mmemtowa. Hiki kiwateni kikae papa hapa.' Nami nikigusa skrubu nyingine, mkono wangu utabaki mle mle."

Alicheka kidogo, akaacha.

Eda bado ni ndefu. Lali aniambia kila alasiri dada yake huingia chumbani, akakaa pale pale kando ya seva, mpaka magharibi.

Somo langu ni hili. Iko haya itokayo kwenye imani, na iko haya ya kuogopa tu kuuliza. Mimi nilizichanganya. Bodi isome kwa macho, usiisome kwa kumbukumbu. Wala usiiflash BMC ambayo ikifa huwezi kuifikia.

Aliyewahi kufufua bodi ya namna hii anielekeze hapa chini. Nataka siku Bi Mwanaesha atakapofungua mlango, nisimpotezee hata saa moja zaidi.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuhifadhie uwapendao, na akujaalie subira siku watakaponyamaza. Amin.