Tetemeko la Ukumbini Kikuyu

Tangu Jumamosi nikitoka nyumbani napita vichochoroni kama mwizi, maana mtaa wote wa Kikuyu, hapa Dodoma, unanicheka. Bora mnisikie mimi mwenyewe.

Nilikodiwa kupiga picha za harusi kwa droni. Kamera yake imeshikwa na vimota vidogo vinavyoituliza hewani. Siku moja kabla nilitoka nayo Kondoa kwa basi, kamera nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli isije ikagongwagongwa njiani.

Siku ya harusi nikasimama mlangoni mwa ukumbi na rimoti, nikairusha droni nje. Mara kwenye skrini paa likaanza kutetemeka. Kuta nazo zikatetemeka. Dodoma hapa ardhi kutikisika si hadithi. Utotoni nimeshuhudia sahani zikidondoka kabatini. Jasho likanitoka. Nikasikilizia miguu yangu, nayo inatetemeka! Na bibi yangu, naye kaalikwa, yumo ndani anakula pilau.

"Tetemeko! Tokeni nje!"

Wakatoka wakikanyagana. Bibi harusi akapoteza kiatu, shela ikachanika. Bibi yangu alibebwa mgongoni na bwana harusi. Tukasimama uani tukisubiri ukumbi uanguke. Wala haukuanguka.

Nikaishusha droni. Panga zake za kurukia zikasimama, lakini kamera ikaendelea kutetemeka, vimota vikihangaika kujinasua kwenye ule mpira wa tyubu niliosahau kuufungua.

Mama wa bibi harusi akainama, akautazama ule mpira, kisha akanitazama miguuni.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "tetemeko lenyewe ni hili, au ni hayo magoti yako?"