Jeki ya Lori la Kaka Yangu

Mwanangu, iko siku moja ya masika ambayo naikumbuka kuliko siku nyingi za ujana wangu. Lakini siwezi kukueleza siku hiyo kabla sijakueleza habari za lori. Kaa vizuri, sina haraka.

Tulikuwa tunaishi Dongobesh, upande wa Mbulu, enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita kubwa. Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa ametoka Kondoa kuja kuuza chumvi na nguo na kununua ngozi. Mimi nilikuwa nimeolewa Katesh, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani. Kaka yangu Idi ndiye aliyeendesha lori la baba. Utingo wake alikuwa kijana wa Tlawi, jina lake Bura. Siku moja lori lile lilipinduka mtelemkoni likiwa limejaa ngozi. Bura aliruka. Idi hakuwahi.

Tulimzika. Lori likavutwa na maksai mpaka nyuma ya duka letu, na baba akasema mtu yeyote asiliguse. Nyasi zikaota katikati ya magurudumu, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti. Baba alipokwenda kuswali alizunguka upande wa pili wa nyumba ili asilione. Jina la Idi halikutoka tena kinywani mwake.

Ulipita muda mrefu. Asubuhi moja Bura akaja, akasimama mbele ya duka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekuja na ombi. Chini ya kiti cha dereva kuna sanduku la vifaa. Idi alilitunza sana. Sasa bati la juu limetoboka, mvua inaingia. Niruhusu nivitoe nivisafishe. Vitabaki kuwa vyako, mimi sivichukui."

"Viache vioze," baba akasema.

Bura hakubishana naye. Vijana wa siku zile, mzee akishasema, waliinamisha kichwa. Lakini mama yangu alikuwa mlangoni anachambua maharage, naye akasema bila kuinua uso, "Kanzu yake ulimpa mjomba wake, anaivaa. Viatu vyake ulimpa huyu Bura, amevivaa hapo. Vyuma vimekukosea nini?"

Mteja akaja, akanunua chumvi, akaondoka, na baba akafunga mdomo wa gunia. Ndipo akasema, "Chukueni sanduku. Lori liacheni."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama kweli, mimi na Bura, tukawafukuza kuku, tukalivuta sanduku. Ndani kila kitu kilikuwa rangi ya udongo mwekundu: spana, nyundo, koleo, tupa, na jeki ya kuzungusha ambayo skurubu yake ilikuwa imeganda. Spana mbili zilikuwa zimeliwa na kutu kabisa, tukazitupa. Si kila kilichozeeka hupona, mwanangu, nalo hilo ulijue.

Vilivyobaki tulivisugua kwa mchanga na majivu. Jeki tuliilaza kwenye sufuria bovu lenye mafuta ya taa. Mimi nilitaka tuipige nyundo ifunguke. Bura akanizuia. "Hapana, dada. Ukiilazimisha meno yatakatika. Iache inywe." Kila alipopata nafasi alikuja, akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, akairudisha kwenye mafuta. Hata ikafika siku ikazunguka yenyewe. Tukaipaka mafuta ya ng'ombe, tukaiweka ghalani, mbali na magunia, maana chumvi ni adui wa chuma. Baba alipita mara nyingi tukiwa kazini. Alitazama, akaenda zake.

Sasa ndiyo hiyo siku ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na udongo ulioezekwa juu ya nyumba za tembe ulikuwa umelowa mpaka chini. Asubuhi, watu wakiwa wanatoa ng'ombe, nyumba ya jirani yetu Mzee Tluway ilianguka. Alikuwa ndani. Boriti kubwa ilimlalia miguu, na juu ya boriti kulikuwa na udongo usiopimika. Wanaume walipochimba, udongo mwingine ulishuka. Waliponyanyua kwa miti, miti iliteleza, na mzee akalia chini kule. Bura alikuwa miongoni mwao. Akasema, "Jeki," akaanza kukimbia kuelekea dukani. Hakufika mbali. Alikutana na baba njiani, anakuja ameibeba begani, matope mpaka magotini.

Wakaiweka juu ya jiwe la kusagia ili isizame. Baba akalala kifudifudi kwenye matope, akaingiza mkono, akaanza kuzungusha. Boriti ikapanda polepole, na kila ilipopanda watu waliweka magogo pembeni. Hakuna aliyepiga kelele. Tulisikia chuma tu kikizunguka. Kisha Bura akamshika Mzee Tluway makwapani, akamvuta nje.

Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya Mbulu, na baadaye alirudi, akachechemea miaka mingi, akaona wajukuu. Baba alibaki ameketi pale kwenye tope. Nilikwenda kumwinua, akaniambia, "Idi angeizungusha haraka kuliko mimi." Kisha akalia, mbele za watu, na watu wakageuka kando wakamwacha alie.

Tangu hapo vifaa vile viliazimwa na kila mtu, kuanzia mwenye plau mpaka mwenye baiskeli. Baba alisisitiza jambo moja tu, kwamba virudi vimefutwa. Mwaka uliofuata akamwambia Bura avunje lori lote, na chuma cha springi kikaenda kwa mhunzi kufuliwa majembe.

Mwanangu, nimekueleza haya kwa sababu naona mnavyotupa. Kitu kikishika kutu mnasema kimekufa. Akiba haiozi, lakini akiba iliyoachwa mvuani huoza. Kwanza kiangalie, kisugue, ukipe muda, usikilazimishe. Kikishindikana, kitupe bila majuto. Na ukifiwa, lia, ni haki yako. Ila usiifungie kazi ya marehemu ndani ya huzuni yako, maana huzuni ni yako peke yako, lakini mikono yake ilikuwa ya watu wote. Na yule anayekuja kukuomba kwa heshima, msikilize hadi mwisho, hata kama ombi lake linakuchoma.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye subira, akupe majirani watakaokimbia kwako siku ya shida, na wakifika wakukute una cha kuwasaidia.