Kibati Namba Arobaini na Moja

Shangazi yangu husikia kwa sikio la kulia tu. Kwa hiyo ukoo mzima unajua pa kukaa katika chumba chake cha ushonaji: kulia kwa cherehani, karibu na pasi, na uangalie usikalie pini. Ana miaka sitini na minne. Ameshona sare za shule tangu ujana wake, na akitaka mjadala ufe, humgeuzia mbishi sikio la kushoto.

Mbishi mkuu ni mimi. Mwaka huu wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji waliamua kuandika ukutani majina ya waliogoma miaka sitini iliyopita, siku tisa, wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Babu, baba yake shangazi, alikuwa mpanga herufi pale. Wenzake walimwita Bubu, nasi tulikua tukiamini ni kwa sababu ya upole wake. Chuoni nilishaapa mbele ya wenzangu kwamba mgomo ule umo damuni mwangu. Nikapeleka jina la babu kwa kamati. Wakasema, lete ushahidi kabla ya Ijumaa.

"Ukitafuta utapata," shangazi aliniambia. "Na usichokitafuta utakipata pia."

"Shangazi, historia ya wanyonge haijiandiki yenyewe!"

"Haya, iandike. Ila toa mguu wako kwenye kitambaa cha watu."

Ghala la madaftari ya kiwanda lilitunzwa na Mzee Gundi, mfunga vitabu mstaafu ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata. Alinieleza utaratibu wa zamani. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba, kimetundikwa kwenye ubao getini. Ukifika unakitoa, unampa karani, naye anatia alama daftarini. Namba ya babu ilikuwa arobaini na moja.

Nikafungua kurasa za mgomo. Mistari mitupu, mtupu baada ya mtupu, isipokuwa michache. Mstari wa arobaini na moja ulikuwa na alama siku zote tisa. Nilirudia mara tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ule ule.

"Kumbe ulikuwa hujui," Mzee Gundi alisema taratibu. "Bubu tulimwita sisi. Si kwamba alikuwa hasemi, sisi hatukumsemesha. Na kila asubuhi alikuta kibati chake kimegeuzwa, uso kwenye ubao. Miaka kumi na mmoja, mpaka alipostaafu. Mgeuzaji mara nyingi nilikuwa mimi."

Nilifika kwa shangazi nikiwaka. Kwa hasira nilikaa kushoto, nikamwaga yote: usaliti, aibu, jinsi nitakavyochekwa chuoni. Yeye akaendelea kukanyaga cherehani.

"Hamia huku," alisema hatimaye. "Umepiga kelele upande uliokufa."

Nikahama.

"Unajua ulikufa lini? Siku moja kabla ya mgomo nilishikwa na homa ya uti wa mgongo. Nina miaka minne. Sindano zilikuwa zahanati ya kampuni tu, na familia za waliogoma zilifungiwa mlango. Baba akiingia kazini, mimi nachomwa. Hizo siku tisa ulizozikuta daftarini ni zangu mimi."

"Kwa nini hakuwaambia wenzake?"

"Nilimuuliza nilipokua. Alisema, na wao walikuwa na watoto."

Bado naamini mgomo ule ulikuwa wa haki, na waliofunga mlango wa zahanati ndio wenye aibu. Nikaruka: nitaishawishi kamati, nitaeleza, jina litabaki!

"Hakugoma," shangazi alinikata. "Usimvishe baba yangu shati lisilo lake. Mshono nitaujua."

Ijumaa nikaenda kuliondoa jina mwenyewe.

Siku ya kuzindua ukuta, ule ubao wa zamani uliwekwa pembeni. Shangazi alitoa kibati cha babu kwenye kopo lake la vifungo, akakitundika kwenye msumari wa arobaini na moja, uso kwenye ubao.

Mzee Gundi alikuwa amesimama karibu. "Binti, umekitundika kinyume."

Shangazi akampa sikio la kulia, asikose neno. "Ndivyo baba alivyokikuta kila siku. Fundi wa kugeuza si ni wewe?"

Niliogopa mzee angeondoka. Alibaki pale, akijifuta vidole kwenye suruali, kama vingeweza kutakata siku hiyo. Kisha akanyoosha mkono, akakigeuza.

"Habari za asubuhi," akakiambia.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Hakuna aliyemsahihisha.