Dirisha la Mama Mkwe

Watu huniuliza kama kazi ya kutia vioo ina kesho. Huuliza wakiwa wameegemea geti, mimi nimepiga magoti nikikwangua fremu yao, na sijui kwa nini swali hilo halimjii mtu kabla kioo chake hakijavunjika. Huwa najibu kwamba leo ipo. Kesho naitafuta, kama wao.

Hapa Likasi nyumba za zamani, zile za kambi za wafanyakazi, zina madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Kila kioo, au vitre kama tunavyosema, hushikwa kwa visumari na mastiki, ile gundi laini ya mafuta tunayoikanda kama bukari, ugali wetu. Madirisha hayo ndiyo yamenilea. Nyumba mpya zinatiwa alumini: dirisha linafika kutoka Lubumbashi likiwa zima na kioo chake, na likiharibika wanaitwa wenye alumini. Wenzangu wawili wamekwisha kuacha. Mmoja anachimba kobalti, mwingine anaendesha teksi. Mimi bado nasukuma baiskeli yangu, vioo vimefungwa blanketi, na nikiwa na mzigo siipandi hata kama nina haraka.

Mama mkwe wangu hakuipenda kazi hii tangu mwanzo. Wao ni watu wa Kasai. Baba yake aliletwa huku kufanya kazi mgodini, na kwao mwanamume ni yule anayetoka asubuhi king'ora kikilia. Hakuniambia mwenyewe, maana kwa desturi yao mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na chumba chake cha kulala sikikaribii. Hata tukiwa ua mmoja, maneno yake hunifikia kupitia mke wangu. Yalinifikia hivi: kazi ya vioo ni kazi ya kukaa ukingoja watu wapate hasara. Niliumia.

Mwaka jana kaka yake mama mkwe, anayefanya kazi kiwandani, alinitafutia nafasi ya mlinzi. Alitaka nimjibu Jumatatu. Mke wangu hakunisukuma, lakini usiku alikuwa akigeuka-geuka kitandani, nami nikijua anawaza nini. Nilikuwa nimekaribia kukubali.

Wiki hiyo hiyo upepo wa baridi ukavunja kioo cha dirisha la mama mkwe. La chumba cha kulala, bila shaka. Waliitwa watu wa alumini, wakasema hawashughuliki na kioo kimoja. Lazima fremu yote ing'olewe. Mama akabandika katoni, akalala nayo, kifua kikaanza kumbana. Mkwe fundi yupo mtaa wa pili, na hakuna aliyethubutu kumtaja.

Aliyenitaja ni mke wangu, na mama akakubali kwa masharti. Nifanye kazi nikiwa nje, kwenye bustani. Yeye akae jikoni. Na ndani, juu ya vile vyuma vya kuzuia wezi, pafungwe kitenge ili macho yangu yasiingie chumbani. Masharti hayo hayakunisumbua, maana madirisha ya zamani hutiwa mastiki kwa nje. Kitu kimoja tu kinahitaji mtu wa ndani: fundi anapokibana kioo, wa ndani hukizuia kwa kiganja, la sivyo mastiki huminywa upande mmoja na kioo hupasuka.

Mke wangu akasimama nyuma ya kitenge. Nilikwangua, nikapima, nikakata, nikalaza mastiki, nikaweka kioo. Nikiwa nimekishika hivyo, jirani akamwita mke wangu getini kwa nguvu, naye akatoka mbio. Nikabaki nimekiegemea kioo kwa mikono miwili, siwezi kukibana, siwezi kukiachia. Nikamwita. Baada ya muda viganja vikarudi kwenye kitenge, vikakizuia vizuri kabisa, nami nikaanza kubana pole pole huku nikimwambia mke wangu ashike hivyo hivyo.

Nyuma ya kitenge nikasikia kikohozi cha mama mkwe.

Sikuondoa mikono. Ningeiondoa, kioo kingeanguka. Viganja vyake vilikuwa pale, vyangu hapa, na katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumshika mkono. Nilitazama chini, ingawa hakukuwa na cha kuona. Niliona haya, na nilisikia furaha pia, sijui ipi ilitangulia. Nikapiga visumari, nikazungusha mastiki, nikailainisha kwa kisu. Yeye hakutetereka hata nyundo ilipogonga.

Mwishowe akasema, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusema nami bila mtu katikati, "Mukwe, hii mastiki itakauka siku gani?"

"Mama, itapita majuma mbili ao tatu. Kisha nitarudia kupaka rangi, ili jua isiikule."

Akasema, "Urudie weye mwenyewe. Usitume mutu."

Jumatatu kaka yake akapiga simu. Mke wangu akaziba simu kwa kiganja, akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia: mwambie mjomba mastiki ya dada yake bado haijakauka. Mke wangu alinitazama sana, halafu akamwambia vile vile. Nafasi wakampa mwingine. Zipo siku naikumbuka ile mishahara ya kila mwezi, sikatai, na jioni nimeanza kwenda kwa wenye alumini kujifunza kazi yao.

Majuma matatu yalipopita nilirudi na kopo la rangi. Nikafika dirishani nikitazama chini kama inavyotakiwa, nikachovya brashi, nikainua macho kidogo kutafuta ukingo wa fremu. Kitenge hakikuwapo. Mama alikuwa amevuta kiti karibu na dirisha, amekaa kwenye jua la asubuhi, ananitazama usoni. Nikainamisha kichwa haraka.

Akagonga kioo kwa kidole.

"Angalia tu, mukwe," akasema. "Vitre iko katikati. Haiko zambi."